Ubongo wa Mtoto ni Amana: Udumavu wa Ufipa na Haki Tunazodaiwa

Sifa zote njema ni za Allaah (Subhaanahu wa Ta’ala), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Ndugu Waislamu, sembe tunayosonga visiwani kwa sehemu kubwa hutoka bara, na mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ni miongoni mwa inayotulisha. Mmoja wao ni Rukwa. Katika mkoa huo wenye mahindi ya kuuza, karibu nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Makala hii inaeleza udumavu ni nini, unaugusa vipi ubongo na nafsi ya mtoto, na kwa nini tunauhesabu kuwa ni mas-ala ya uadilifu, yaani haki ya mtu iliyo shingoni mwa mtu mwingine. Mwishoni tumejibu maswali ya kisharia yanayohusiana na jambo hili.

UFIPA: NCHI YENYE MAHINDI

Sumbawanga ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Mji huu uko juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye baridi, jirani na milima ya Mbizi. Magharibi, uwanda unateremka hadi Ziwa Tanganyika. Mashariki, unateremka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.5 katika mkoa. Wengi ni Wakristo, khasa Wakatoliki, na Waislamu ni wachache.

Wafipa ni wakulima hodari tangu zamani. Kabla ya mahindi kushika nafasi, chakula chao kikuu kilikuwa ulezi, na walisifika kwa matuta ya ntumba, ambayo majani hufukiwa ndani yake yaoze ili yarutubishe udongo. Leo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula unanunua na kuhifadhi nafaka Sumbawanga, na malori hushusha mahindi ya Ufipa katika miji ya mbali.

Sasa tazama upande wa pili. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 56 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 34. Utafiti wa 2022 ulikuta Rukwa imeshuka hadi karibu asilimia 50, na taifa asilimia 30. Mwaka huo mikoa mitatu iliyoongoza kwa udumavu ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, na yote mitatu ni mikoa ya kilimo.

Basi tusiseme kuwa ni ukame au kuwa chakula hakipo. Chakula kipo. Swali ni nani anakila, chakula gani, wakati gani, na nani anaamua.

UDUMAVU NI NINI, NA SI NINI

Mtoto huhesabiwa kuwa amedumaa pale urefu wake unapokuwa chini sana ya kipimo cha umri wake kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani. Si kila mtoto mfupi amedumaa. Wapo waliorithi ufupi kwa wazazi wao na wana afya njema. Lakini pale nusu ya watoto wa mkoa mzima wanapokuwa chini ya kipimo, hilo haliwezi kuwa la kurithi.

Sababu zake ni nyingi na zinashikana. Mama huingia katika ujauzito akiwa na upungufu wa damu. Msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, yuko shambani kutwa; mtoto mchanga huachwa kwa dada yake ambaye naye ni mtoto. Chakula cha kumwanzishia ni uji mtupu wa mahindi, kisha ugali, mara mbili au tatu kwa siku, ilhali tumbo lake ni dogo na linahitaji kidogo kidogo mara nyingi. Maji machafu yanaleta kuharisha, na bondeni malaria inazidisha. Mavuno yakifika, gunia linauzwa, na fedha yake haipiti mikononi mwa yule anayepika.

Na mahindi peke yake hayatoshi kumjenga mtoto. Protini yake ina pungufu ambalo maharage, dagaa, mayai au maziwa hulijaza. Yakikobolewa kuwa sembe nyeupe, hupoteza tena sehemu ya vitamini na madini yake. Mtoto anaweza kushiba kila siku na mwili wake ukabaki na njaa.

UBONGO UNAVYOJENGWA

Wataalamu wa ubongo na mishipa ya fahamu wanatueleza kuwa mtoto huzaliwa na ubongo wenye uzito wa takriban robo ya ubongo wa mtu mzima, na anapotimiza miaka miwili umefikia karibu robo tatu au zaidi. Hakuna kipindi kingine cha maisha ambacho ubongo hukua kwa kasi hiyo. Mtoto mchanga akiwa ametulia, zaidi ya nusu ya nguvu ya mwili wake hutumiwa na ubongo. Ndiyo maana madaktari husisitiza siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotunga hadi miaka miwili.

Katika siku hizo kila kirutubisho kina kazi yake:

1. Madini chuma husaidia kutengeneza utando wa mafuta unaofunika nyuzi za fahamu ili ujumbe upite haraka, pamoja na kemikali za kupeleka ujumbe huo. Mtoto aliyepungukiwa huwa mzito, hachezi, na huchelewa kusema.

2. Madini joto yaliyomo katika chumvi iliyotiwa iodini huiwezesha tezi ya shingo kutoa homoni inayoongoza ukuaji wa ubongo tumboni mwa mama. Upungufu mkubwa huathiri akili moja kwa moja.

3. Asidi ya foliki, kabla ya mimba na katika wiki zake za mwanzo, hupunguza khatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ya uti wa mgongo au ubongo.

4. Protini na mafuta ndiyo malighafi ya seli zenyewe.

Lakini ubongo haujengwi na chakula pekee. Mtoto anapotoa sauti na mama akaijibu, anapotazama na akatazamwa, anapoimbiwa na kubebwa, njia za fahamu huimarika. Njia zisizotumika hufifia. Na mtoto anayeishi katika hofu ya kupigwa na ugomvi wa kila siku, mwili wake hutoa homoni za taharuki kwa muda mrefu, jambo linaloathiri sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu na kujizuia.

USHAHIDI KUTOKA PEMBA NA JAMAICA

Tusidhani haya ni ya Ufipa tu. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa hapa kwetu Pemba kwa watoto wadogo wapatao 600 wa umri wa kabla ya skuli. Waliopewa madini chuma kidogo kila siku kwa mwaka mmoja waliendelea vizuri zaidi katika lugha, na waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu waliendelea vizuri pia katika viungo na mwendo.

Lakini mwaka 2006 ulichapishwa utafiti mwingine wa Pemba, uliohusisha watoto zaidi ya 24,000. Ilionekana kuwa kugawa madini chuma na asidi ya foliki kwa watoto wote bila kuwapima, katika eneo lenye malaria nyingi, kuliongeza kulazwa hospitali na vifo, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Funzo kwa mzazi ni kwamba vidonge vya kuongeza damu havinunuliwi dukani na kumezeshwa mtoto kwa kukisia. Apimwe kwanza, na alale ndani ya chandarua.

Ushahidi wa tatu unatoka Kingston, Jamaica. Mwaka 1986 na 1987 watafiti waliwachagua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi walipewa nyongeza ya maziwa. Baadhi walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki, kwa miaka miwili, na mfanyakazi wa afya aliyemfundisha mama kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vitu vya kuokoteza nyumbani. Baadhi walipata vyote viwili, na baadhi hawakupata. Miaka 20 baadaye, wale waliochezeshwa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa wasiotembelewa, na walikuwa wamewafikia wale ambao hawakudumaa.

Kwa hiyo mtoto aliyedumaa hajapotea. Anayesema “huyu ndiyo keshakuwa hivyo” anamfungia mlango ambao Allaah hajaufunga.

NAFSI YA MZAZI NA ULIMI WA JIRANI

Wataalamu wa saikolojia nao wana neno la kutuambia, maana dhulma hukaa pia katika fikra zetu.

La kwanza ni lawama kwa mama maskini. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti kuhusu wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Mkulima yule yule alipimwa kabla ya mavuno akiwa hana kitu, na baada ya mavuno akiwa na fedha. Kabla ya mavuno alifanya vibaya zaidi katika vipimo vya kufikiri. Wataalamu wanaendelea kujadiliana kuhusu ukubwa wa athari hiyo, lakini aliyewahi kulala akiwaza deni anaijua. Ufipa ina mavuno makubwa mara moja kwa mwaka, na miezi ya mwisho kabla ya mavuno ndiyo miezi ya shida na ya jembe pamoja. Kumwambia mama wa wakati huo kuwa ni mzembe kwa sababu amesahau siku ya kliniki ni kumwongezea mzigo aliokuwa nao.

La pili ni mtoto kubandikwa jina. Aliyenyimwa madini chuma kabla hajajua kusema huingia skuli akiwa nyuma, akaitwa mvivu, akachapwa, kisha akapewa mtihani ule ule wa mwenzake aliyekula mayai na samaki. Mtihani ni mmoja, lakini mwanzo haukuwa mmoja. Kwa matokeo yake ataambiwa kuwa riziki yake ndogo aliitaka mwenyewe.

La tatu linatugusa sisi. Jina Sumbawanga huelezwa kuwa maana yake ni “tupa uchawi”, yaani mgeni aingiaye aache uchawi wake nje. Watu wa mbali wameligeuza kuwa dhihaka, na mtu akisema kwao ni Sumbawanga huulizwa kama amekuja kwa ungo. Tumeyasikia hayo barazani, na wengi wetu tumecheka. Qur-aan katika Suwrah Al-Hujuraat, aayah ya 11 na 12, imetukataza kudharau watu wengine, kupeana majina ya kejeli na kufuata dhana. Madhara ya dhana hii ni makubwa kuliko mzaha wenyewe. Tukishaamini kuwa shida ya mahali fulani ni uchawi, hatuulizi tena kuhusu maji, kliniki na nani anashika fedha ya mahindi. Na mzazi mwenyewe akiamini kuwa mwanawe amerogwa, hupoteza miezi kwa waganga, nayo ni miezi ambayo ubongo ulikuwa ukingojea chakula.

KWA NINI NI UADILIFU

Katika Suwrah Al-Baqarah, aayah ya 233, Allaah (Subhaanahu wa Ta’ala) ametaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, akaweka juu ya baba chakula na mavazi ya mama kwa wema, na akataka kuachisha kuwe kwa kuridhiana na kushauriana. Hatusemi kuwa Qur-aan ni kitabu cha tiba, wala hatutafuti siku 1,000 ndani ya aayah. Tunachokiona ni kuwa chakula cha mama anayenyonyesha kimefanywa ni haki yake. Hapewi kama fadhila.

Na imepokewa katika vitabu vya historia, kama Twabaqaat cha Ibn Sa’d, kisa cha ‘Umar bin Al-Khattwaab (Radhwiya Allaahu ‘anhu). Usiku mmoja alilinda msafara wa wafanyabiashara waliopiga kambi Madiynah, akamsikia mtoto analia. Alimwendea mama zaidi ya mara moja akimtaka amtulize. Mwishowe mama, bila kumjua anayesema naye, akamwambia kuwa anamwachisha kunyonya kabla ya wakati, kwa sababu ‘Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyekwishaachishwa. ‘Umar aliswalisha Alfajiri huku analia, kisha akaamuru watu wasiharakishe kuwaachisha watoto wao, na kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu akapangiwa posho.

Tuzingatie jambo moja katika kisa hiki. ‘Umar hakumlaumu mama. Aliona kuwa kanuni yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikimnyima mtoto maziwa, akaibadilisha kanuni.

Leo pia kanuni zinagusa matumbo ya watoto. Serikali imezitaka halmashauri zitenge shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na Desemba 2021 ilizinduliwa programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Kuuliza kama fedha hiyo imetolewa na imefanya nini ni kusimama upande wa asiyeweza kusema, na si uchochezi.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Mke wangu ni mja mzito na daktari amesema damu yake ni ndogo. Afunge Ramadhaan?

Jibu: Akikhofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, anaruhusiwa kula na atalipa siku hizo. Akikhofia mtoto peke yake, katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi’iy atalipa siku hizo na kutoa fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku. Kauli ya daktari mwaminifu inategemewa, na mume asimfanye aone haya kwa kutumia rukhsa ya Mola wake.

Swali: Mume ana uwezo lakini anabana matumizi, watoto wanakula uji mtupu. Mke anaruhusiwa kuchukua bila ya idhini yake?

Jibu: Katika Hadiyth iliyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, Hind bint ‘Utbah alimshitakia Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) ubahili wa mumewe, naye akamruhusu achukue kinachomtosha yeye na mtoto wake kwa wema, yaani kwa kiasi kinachojulikana, bila ya israfu. Mume naye akumbuke kuwa Mtume ameonya kuwa kumzuilia chakula aliye chini ya mikono yako kunatosha kuwa ni dhambi.

Swali: Naweza kupeleka Zakaah yangu kwa wenye shida Rukwa?

Jibu: Kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ni kutoihamisha Zakaah ikiwa wenye kustahiki wapo pale mali ilipo. Wanavyuoni wengine wameruhusu kwa haja kubwa zaidi au kwa jamaa. Tena kwa kauli ya wengi, Zakaah hupewa Waislamu katika mafungu yake manane. Sadaka ya kawaida ni pana zaidi: mpe jirani yeyote mwenye njaa, Muislamu au asiyekuwa Muislamu, wa karibu au wa mbali. Mkulima Muislamu wa Ufipa naye akumbuke kuwa mahindi yake yakifikia nisabu, takriban kilo 650, yana Zakaah: sehemu moja ya kumi kwa yanayolimwa kwa mvua. Zakaah hiyo kwanza ni haki ya wanaostahiki wa pale pale.

Swali: Mwanangu ana miaka miwili na hasemi. Wazee wanasema amepatwa na jicho.

Jibu: Kumsomea Ruqyah ya kisharia ni jambo jema, na halikuzuii kumpeleka kliniki. Apimwe masikio, damu na ukuaji wake. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) ametuamrisha kutafuta dawa. Usiache moja kwa ajili ya jingine.

YA KUFANYA NYUMBANI

• Mama ahudhurie kliniki mapema, ameze vidonge anavyopewa huko, na apunguziwe kazi nzito. Baba kubeba ndoo ya maji ni katika wema uliotajwa.

• Maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kisha chakula pamoja na kunyonya hadi miaka miwili.

• Uji utiwe kitu: dagaa waliosagwa, yai, karanga, au tui. Mboga za majani na embe, papai au chungwa visikose, kwani matunda hayo husaidia mwili kufyonza madini chuma.

• Tusiwape watoto wadogo chai pamoja na chakula. Chai huzuia madini chuma, na mkate wa kuchovya ni asubuhi ya watoto wengi visiwani.

• Tununue chumvi yenye madini joto, na tuifunike.

• Tuzungumze na mtoto, tumwimbie na tumsikilize. Hili halina gharama. Na tuache kumpiga: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18.

• Walimu wa madrasa wasimwite mtoto mjinga. Anayechelewa kuhifadhi aulizwe kwanza amekula nini asubuhi.

Tumeanza na sembe na tunamalizia nayo. Yule aliyeilima huenda ana mtoto ambaye hakufaidika nayo, na mtoto wetu anayeila bila ya kitu kando yake huenda yuko katika hali ile ile. Kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Tunamuomba Allaah atujaalie tuwe wenye kuwatimizia watoto haki zao kabla hawajajua kuzidai.

Wa Allaahu A’lam.